Ndege wa Mlimani Siku ya Mvua
(Mathayo 6:24–34)



Injili tuliyoitaja hapo juu ndiyo ile ambayo kwa utaratibu wa zamani wa kanisa letu husomwa Jumapili ya 15 baada ya Utatu. Hakuna mwinjilisti asiyeijua, wala hakuna mtoto wa kipaimara asiyeweza kueleza habari za ndege wasiopanda wala kuvuna. Na kwa kuwa tumeizoea sana Injili hiyo, tumekwisha kuizoea na siku tunayoiwaza ndani yake: jua limetoka, maua yamechanua kondeni, ndege wanaruka wakiimba, naye Bwana ameketi juu ya nyasi kavu. Kwa wazo hili twahubiri, nao wasikilizaji wetu hutuitikia kwa vichwa. Kisha hurudi nyumbani kwao, ambako mvua yavuja darini.

Lakini Bwana hakutaja hali ya hewa. Aliagiza ya kwamba ndege waangaliwe, na neno alilolitumia Mathayo katika Kiyunani si neno la kutupa jicho tu mtu apitapo njiani. Ni neno la kukaza macho. Luka naye, katika sura yake ya 12, atumia neno la kutafakari, tena hapo Bwana hataji ndege kwa jumla, bali kunguru, ndege ambaye Torati yamhesabu kuwa najisi (Mambo ya Walawi 11:15), na ambaye hata leo hapana mtu amwekeaye punje uani. Baba yetu Martin Luther, katika mahubiri yake juu ya Mathayo 5 hadi 7 yaliyotolewa kitabuni mwaka 1532, alisema kwa mzaha wake wenye ukali ya kuwa Bwana ametutia aibu kubwa kwa kutuwekea ndege kuwa walimu wetu, hata shomoro mnyonge akawa mhubiri wa watu wenye hekima. Basi ikiwa hawa ndio walimu, yafaa tuende shuleni kwao na siku za masika pia.

Yuko katika milima yetu ya Usambara mwalimu mmoja mstaafu, ambaye miaka yake yote alifundisha hesabu, wala kwa habari ya ndege hakulipwa na mtu yeyote hata senti moja. Huwapenda tu. Kila Jumamosi apatapo nguvu huupanda msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, akichukua darubini ya zamani na daftari. Wako majirani wasemao ya kuwa anatafuta madini. Tulimwomba tufuatane naye, mchungaji mmoja na mwinjilisti mmoja, naye akatupa siku katikati ya masika. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na kulipokucha upepo wa kusi ulikuwa ukipanda kutoka bondeni kwa nguvu nyingi. Tulimwendea tukidhani atasema tungoje juma lingine. Lakini tulimkuta amekwisha kuvaa viatu, anaifunga darubini yake katika mfuko wa nailoni. Akasema, "Baba Mchungaji, tutalowa, lakini twende, maana siku kama hizi hakuna aendaye kuwatazama."

Njia ile hupanda hata kupita mita 2,000 juu ya bahari. Siku ya jua mtu huona mbali sana. Siku ile hatukuona hata mtu aliyetangulia hatua ishirini. Mikulo ilitikisika, na maji yaliyokaa majanini yakatumwagikia kwa mikupuo, ikawa mvua ya pili chini ya ile ya kwanza. Upepo una ubaya huu kwa mtu atafutaye ndege: jicho limezoea kumtambua ndege kwa kutikisika kwa jani moja, na hapo majani yote yatikisika, sikio nalo huzibwa na uvumi. Vioo vya darubini vilifunga ukungu kwa pumzi zetu wenyewe. Tulikwenda hivi muda wa saa nzima na zaidi. Mwinjilisti wetu, aliye kijana, akaanza kupiga chafya.

Ilipopata saa moja na nusu mwalimu alisimama chini ya mti, akatoa daftari ndani ya koti, akaandika tarehe na saa, na mbele yake maneno haya: ukungu, upepo mkali, hakuna ndege. Tukamwuliza kwa nini aandika kitu kisichokuwapo. Akajibu, "Nikiandika siku njema tu, atakayelisoma daftari hili baada yangu atadhani Magamba hakunyeshi." Neno hili tulilichukua, na tangu siku ile limetusumbua kila tukiketi kutengeneza mahubiri.

Wa kwanza kuonekana alikuwa chini, wala si juu. Penye kona ya njia, katikati ya kangaga, alikuwako ndege mmoja mgongo wake kahawia, mbavu zake rangi ya kutu, mdomo wake rangi ya chungwa. Alikuwa akifukua majani yaliyooza, akiyatupa huku na huku. Kisha alisimama, akainamisha kichwa kama mtu asikilizaye mlangoni, akachomoa mnyoo. Hakutujali. Mvua ile iliyotulowesha sisi mpaka mifupani ilikuwa imemwandalia meza, kwa maana ardhi ikilowa minyoo hupanda juu. Wasomaji wetu watafurahi kusikia ya kuwa ndege huyu, mkazi wa milima yetu, alipewa mwaka 1905 jina la mmisionari wa Usambara, Karl Roehl, yule aliyetafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937, ambayo wazee wetu wengine wangali wanayo sandukuni. Katika vitabu vya wataalamu huitwa Turdus roehli. Sisi tulikuwa tumeisoma Biblia ile miaka mingi, wala hatukujua ya kuwa jina la mfasiri wake lafukua minyoo Magamba.

Lakini hatua mia kutoka hapo mambo yalikuwa mengine. Mwalimu alitunyamazisha kwa mkono, akatuonyesha chozi mmoja aliyejishikiza chini ya jani pana, manyoya yamesimama, amekuwa kama kifundo cha uzi. Uzito wa ndege huyu haufiki gramu kumi. Chakula chake ni asali ya maua pamoja na vidudu. Na mvua ya upepo huyajaza maua maji, navyo vidudu hujificha. Joto la mwili wa ndege lapita joto letu, hufika digrii 40 na zaidi, naye aliye mdogo hulipoteza upesi, kama chungu kidogo kipoavyo kabla ya kikubwa. Hana ghala. Mafuta aliyoyapata mwilini mwake mchana ndiyo kuni zake za usiku, na asubuhi huanza tena karibu na mwanzo. "Huyu," alisema mwalimu, "kila jioni yeye na kifo ni majirani."

Tulimtazama kwa muda mrefu. Mvua ilipopungua kidogo, mara ile ile alitoka, akaingia katika ua la kwanza, la pili, la tatu, hata hatukuweza kuhesabu. Huyo ndiye ndege asiyepanda wala kuvuna! Mtu mvivu atafutaye kimbilio katika Injili hii, na amfuate chozi mmoja tangu asubuhi mpaka saa nne tu. Na sisi tuliosema Baba Yetu tangu utoto tulilielewa hapo, kwa macho, ombi la mkate wa kila siku. Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza mkate huo ni nini, aliihesabu ndani yake hata hali njema ya hewa. Watoto wa kipaimara hulitamka jambo hilo upesi katika orodha ndefu, kati ya serikali njema na majirani waaminifu, nasi twawapa alama zao. Kwa chozi yule halikuwa jambo la orodha.

Tukapanda tena. Njiani tulisikia sauti nzito ya kukoroma, na mwalimu akatuonyesha ndege mkubwa wa kijani akivuka kutoka mti hata mti. Alipofungua mabawa yalikuwa mekundu kama kitambaa cha madhabahu siku ya Pentekoste. Rangi hiyo ina shaba halisi ndani yake, madini yale yale ya sufuria. Hatuna fundisho la kutoa hapa, tulifurahi tu. Na juu kabisa, penye jabali, ambako upepo ulitusukuma hata tukashikana mikono, kunguru wawili wenye baka jeupe shingoni walikuwa wakijiachia katika dharuba ile, wakiinuliwa na kutupwa, kisha wakirudi wenyewe kutupwa tena. Upepo uliotutia hofu ulikuwa mchezo wao. Mwalimu aliandika mstari mmoja tu, maana karatasi ililowa.

Tulipoanza kushuka, chini ya mti mmoja, tulikuta kiota kimepinduka, na kando yake kinda limekufa. Manyoya yake yalikuwa hayajakamilika. Mwalimu aliliinua kiganjani, akapima bawa lake kwa rula ndogo, akaandika, kisha akalilaza penye mizizi na kulifunika kwa jani. Hakusema neno. Nasi hatukusema, kwa sababu sote wawili tulimkumbuka mtu mmoja.

Katika usharika wetu yuko mama ambaye mtoto wake wa miaka sita alishikwa na homa katika masika yaliyotangulia, siku ambazo barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko ya udongo. Walimchukua kwa machela usiku kucha. Alifariki njiani kabla ya kucha. Baadaye Injili hii ya ndege iliposomwa kanisani, mama yule alingoja watu watoke, akatujia mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, na mwanangu je, hakuwa bora kuliko ndege?"

Twajua majibu apewayo mtu kama huyu. Mmoja humwambia ya kuwa imani yake ilipunguka. Mwingine humwambia ya kuwa Mungu alimhitaji mtoto kuliko alivyomhitaji mama yake. Hayo hayamo katika Injili hii, na wale wayasemao huyasema zaidi ili waondoke upesi mlangoni. Tatizo ni ya kuwa sisi wahubiri tumemwonyesha mama huyu ndege wa siku ya jua tu, tukamwacha ajilinganishe naye; na akijilinganisha, amekosa.

Bwana mwenyewe hakufanya hivyo. Katika injili ile ile ya Mathayo, sura ya 10, mstari wa 29, ataja ndege aangukaye. Hakungoja mtu amkumbushe ya kuwa ndege hufa; alitangulia kulisema, tena mbele ya wanafunzi aliokuwa akiwatuma kati ya watu watakaowapiga. Ataja bei yao pia: shomoro wawili kwa sarafu moja ya shaba, iliyokuwa sehemu ya kumi na sita ya mshahara wa kibarua wa siku moja. Luka aandika watano kwa sarafu mbili, na kila mama aendaye sokoni aelewa mara moja: ukinunua wanne, wa tano ni nyongeza. Hana bei. Na huyo wa nyongeza, asema Bwana, hakusahauliwa na Mungu.

Na ayasemayo Mathayo juu ya kule kuanguka, yatupasa kuyasoma polepole. Hasemi ya kuwa hakuna aangukaye. Katika Kiyunani neno ni fupi sana: haanguki hata mmoja pasipo Baba yenu. Wafasiri wengine wameongeza neno, wakaandika pasipo mapenzi yake au pasipo kujua kwake. Nao wana sababu zao, hatuwalaumu. Lakini Mathayo ameacha hivyo hivyo, pasipo Baba. Maana yake, pale aangukapo ndege, chini ya mti, katika matope, Baba yuko. Kwa nini aanguke, Bwana hakueleza, na mhubiri asijifanye kujua kuliko Bwana wake. Naye aliyeyanena haya si mtu aliyeketi mahali pakavu: yeye mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, akainywea, aliita kwa sauti kuu msalabani, wala hakuteremshwa. Kama Baba hakuwako Golgotha, basi hatuna Injili ya kumpelekea mtu yeyote. Kama alikuwako, basi hakuna njia ya matope katika wilaya hii ambayo twaweza kusema hakuwako.

Haya tulimwambia mama yule, si mlangoni pa kanisa, bali baada ya safari ile ya Magamba, tumeketi jikoni kwake, viatu vyetu vikikauka penye mafiga. Hakusema ya kuwa amefarijika. Alikaa kimya muda, akasema, "Basi alikuwako." Kisha akatuongezea chai.

Lakini hatujamaliza njia yetu ya kushuka. Karibu na ukingo wa msitu mwalimu alituonyesha tundu juu katika shina la mti mkubwa, ambamo msimu uliopita hondohondo walizaa. Habari za ndege hawa zilichunguzwa kwa uangalifu sana huko Amani, upande wa pili wa bonde la Lwengera, na mtu ambaye naye hakusomea ndege chuoni. Reginald Moreau alikuwa Mwingereza, mtu wa hesabu za jeshi, mwenye ugonjwa wa maungo uliomtesa tangu ujana. Mwaka 1928 alikuja Amani, katika kituo cha utafiti wa kilimo, kwa kazi za ofisi na maktaba. Wakati wake wa nafasi aliutumia kwa ndege, yeye na mkewe Winifred, pamoja na Salimu Asmani, mwenyeji wa nchi hii, ambaye ustadi wake katika kuwatafuta na kuwatambua ndege ulikuwa nguzo ya kazi ile. Amani si mahali pa mtu aumwaye maungo. Mvua yake kwa mwaka ni zaidi ya mita moja na nusu. Walikaa chini ya matundu ya hondohondo siku kwa siku, wakiandika kila ajapo dume na kila aendapo.

Na waliyoyaona ni haya. Jike huingia tunduni, na mlango huzibwa kwa udongo ambao dume humletea kooni mwake, vidonge kwa vidonge, naye jike huukandika kwa mdomo wake mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo gizani hukaa zaidi ya miezi mitatu, akiatamia na kulea, wala hatoki. Dume huenda msituni, hurudi na matunda kooni, huyatoa moja moja na kuyapitisha katika ule ufa. Imekadiriwa ya kuwa dume mmoja wa jamii hii alileta katika msimu mmoja matunda yapata 24,000, kwa safari zipatazo 1,600. Jike hamwoni anapokuwa msituni. Hajui kama leo kuna upepo. Ajuacho ni ule mdomo katika ufa.

Mwinjilisti wetu, ambaye siku ile yote alikuwa akipiga chafya, alisimama chini ya tundu lile akitazama juu mpaka tukamwita mara mbili. Baadaye alihubiri juu yake katika ibada ya mazishi, nasi hatuna haja ya kuyaandika aliyoyasema, maana atakuja kuyaandika mwenyewe katika ukurasa huu.

Neno moja kwa walimu wa kipaimara. Wako katika misitu hii ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mmoja ni mdogo, wa kahawia, akaaye chini gizani, ambaye wataalamu humwita Sheppardia montana. Kwao ni Usambara ya Magharibi tu, na msitu wake ukikatwa hana pa kwenda. Watoto wetu hupita karibu naye wakienda kuokota kuni, wala hawamjui. Tungependa kila usharika wa milimani, kabla ya Jumapili ya 15 baada ya Utatu, uwapeleke watoto wa kipaimara msituni asubuhi moja, na ikinyesha wasirudi. Kila mtoto aandike alichokiona, na asiyeona kitu aandike ya kuwa hakuona. Mwalimu wetu mstaafu yu tayari kuwaongoza, ila kwa sharti wasizidi sita kwa safari moja, kwa sababu wakizidi huanza kuzungumza. Waje na sweta, na daftari walifunge katika nailoni.